Dakika Tatu za Chumba Kimoja

Chumba cha hoteli hupewa dakika 17. Mwili wangu bado unaijua hesabu hiyo. Unafungua mlango, unasukuma pazia, unafungua dirisha kama linafunguka. Unavua kitanda: shuka la juu, la chini, foronya nne. Unaliinua godoro kwa goti ili shuka jipya lipite chini yake, na hapo ndipo kiuno kinapolia. Bafuni unapiga magoti: nywele za mgeni kwenye tundu la maji, choo, kioo, sakafu. Unarudisha vikombe, sabuni, taulo. Unavuta vumbi ukirudi kinyumenyume hadi mlangoni usije ukaacha alama ya kiatu. Dakika 17 zimekwisha. Kama mgeni alilala na mtoto mchanga, au alikunywa usiku akatapika zulia zima, hakuna anayekuongezea hata moja.

Niliingia Paris mwaka 2011 nikimfuata mume wangu. Nilikuwa na makaratasi yangu halali na cheti cha ualimu kutoka nyumbani ambacho huku hakikunifungulia mlango wowote. Haukupita mwaka nikawa nasukuma toroli la mashuka ghorofa ya nne ya hoteli moja karibu na barabara ya mzunguko wa jiji. Mkataba wangu ulisema saa 5 kwa siku. Orodha niliyokabidhiwa asubuhi ilisema vyumba 18. Usipomaliza kwa saa zako, unamalizia kwa muda wako. Hakuna aliyenitamkia hivyo. Niliona mwenyewe siku ya tatu, wenzangu wamekwisha kusaini karatasi ya kutoka, kisha mmoja mmoja wakapanda tena ngazi kurudi kwenye vyumba vilivyobaki. Nikasaini, nikapanda nyuma yao.

Kubeba boksi, ndivyo tunavyoziita kazi hizi sisi wa ughaibuni. Ni zile kazi ambazo ukipiga simu nyumbani huzielezi. Mama akiniuliza, nilimwambia nafanya kazi hotelini, naye akawaambia majirani nipo mapokezi.

Chama cha wafanyakazi nilikijua tangu utotoni, ila nilikijua kama mstari wa makato. Baba alikuwa kuli wa bandari ya Tanga. Kila mwisho wa mwezi alitandaza karatasi ya mshahara mezani, kidole kikishuka taratibu, na mahali fulani katikati kilisimama kwenye neno JUWATA. "Hii ya chama," alisema, kwa sauti ileile aliyosemea kodi. Sikumbuki chama kikija kwetu, wala baba akienda kwenye chama. Kilikuwa jumuiya ya CCM na hakikuwa na ugomvi na mtu. Wazee wa gatini walisimulia kwamba zamani mambo yalikuwa mengine, kwamba mwaka 1947 makuli wa Dar es Salaam waliweka mizigo chini na mgomo ukafuata njia ya reli hadi bara, na kwamba hata Rashidi Kawawa alitokea kwenye uongozi wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, kabla ya kushika ngazi za serikali. Sisi watoto tulizisikiliza kama habari za watu wa kale.

Kwa hiyo mama mmoja wa Bukavu, tuliyekuwa tukigawana ghorofa, aliponiambia nijiunge na chama, nilimjibu kwamba sina hela ya kukatwa. Tulikuwa tukiongea Kiswahili, chake cha Kivu na changu cha Tanga, na kwa kuwa nilimzidi umri aliniita yaya, yaani dada mkubwa. Hakubishana nami. Aliniuliza tu, "Yaya, bosi yako ni nani?"

Nikamtajia meneja wa hoteli.

"Ule hajue hata jina yako. Angalia kwa karatasi ya mushahara."

Usiku ule nikaitoa karatasi na kuisoma kama baba, kidole juu ya mstari. Jina la hoteli halikuwemo. Juu kabisa lilikuwepo jina la kampuni ya usafi ambayo ofisi yake sikuwahi kuikanyaga, iliyoko kitongoji nisichokijua. Mkataba niliusaini kwenye gari la msimamizi.

Hoteli humpa kazi mkandarasi wa usafi. Kati yao, mara nyingi bei hupangwa kwa chumba: chumba kimoja, euro kadhaa. Mkandarasi naye sheria inamlazimisha amlipe mfanyakazi kwa saa. Juu kunahesabiwa vyumba, chini kunahesabiwa saa, na tofauti ya hesabu hizo mbili inabebwa na kiuno cha mwanamke. Ukienda kulalamika kwa mkandarasi, unaambiwa bei imepangwa na hoteli. Ukienda kwa hoteli, unaambiwa wewe si mfanyakazi wao, na kwa karatasi ni kweli. Mkandarasi akipoteza zabuni, anaingia mwingine na kukurithi pamoja na ghorofa yako. Ibara ya 7 ya mkataba wa hali bora wa kampuni za usafi wa Ufaransa, ule unaofungwa kati ya vyama na waajiri, inamtaka achukue wafanyakazi waliokuwapo. Ni ibara nzuri, iliyopiganiwa, na imewaokoa wengi wasitupwe nje. Lakini nimewahi kukutana na wanawake waliobadilishiwa mwajiri mara nne bila kutoka kwenye jengo lilelile.

Ripoti za Ulaya hutuita wafanyakazi wanyonge. Sina ugomvi na wanaoandika, najua nia yao. Lakini yule mama wa Bukavu alivuka vita na watoto wanne, akajifunza lugha ya tatu ukubwani, na alikuwa akiinua godoro la watu wawili kwa mkono mmoja. Unyonge wake ulianzia pale alipowekwa mahali ambapo mtu anayefaidi jasho lake na mtu anayesaini mshahara wake si mtu mmoja, na kila mmoja anaweza kumnyooshea kidole mwenzake. Kazi ya chama, kama nilivyokuja kuiona, ni kumkamata mkono yule wa kwanza na kumkalisha mezani.

Alinipa daftari la shule. "Andika saa uliingia, saa ulitoka, namba ya vyumba. Kila siku. Hata ukichoka." Niliandika miezi 14. Baadaye ndipo nikaelewa kwa nini. Sheria ya kazi ya Ufaransa haimtaki mfanyakazi athibitishe peke yake saa alizofanya. Anatakiwa alete maelezo ya kutosha, na daftari lake mwenyewe linakubalika. Hapo ni zamu ya mwajiri kuleta ya kwake. Ambaye hakuwahi kuandika saa za mtu yeyote anabaki na maneno matupu. Na unaweza kudai mshahara wa hadi miaka 3 nyuma.

Ofisi ya kwanza ya chama niliyokwenda haikunipokea vizuri. Mwanamume aliyekuwa zamu alinisikiliza akiwa amesimama na kunielekeza kwingine. Nasema hivyo kwa sababu vyama vya Ulaya vilijengwa na wanaume wa viwandani, wa migodini na wa reli, waliokaa pamoja maelfu chini ya paa moja na mwajiri mmoja. CGT, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Ufaransa, iliundwa Limoges mwaka 1895, na kwa miongo mingi ilijua namna ya kufunga kiwanda. Wanawake kumi waliotawanyika kwenye ghorofa nane, kila mmoja na saa zake za kuanza, wengine wakiogopa hata kusema majina yao, hao ilibidi ijifunze upya namna ya kuwakusanya. Ofisi ya pili ilikuwa na meza moja, kahawa kwenye chupa, na mama wa Kimali aliyewahi kuwa mtandika vitanda kama mimi. Alilishika daftari langu kwa mikono miwili.

Tulikuwa watano. Kampuni ilitulipa kabla kesi haijafika mbele ya baraza la usuluhishi wa kazi, ambalo nusu ya mahakimu wake hutoka upande wa waajiri na nusu upande wa wafanyakazi. Haikufika nusu ya tulichodai. Nilituma kiasi nyumbani, na safari hii nilimweleza mama kila kitu kuhusu kazi yangu.

Nimeyatanguliza haya yangu ili ujue nilikuwa na macho gani nilipokwenda Batignolles.

Julai 2019, wanawake kama 20, wengi wao Waafrika, waliacha kazi katika hoteli ya Ibis Batignolles, kaskazini magharibi mwa Paris. Ni hoteli ya vyumba karibu 700, chini ya kundi la Accor, moja ya makundi makubwa ya hoteli duniani. Wao walikuwa wameajiriwa na STN, kampuni ya mkandarasi. Kipimo chao kilikuwa vyumba vitatu na nusu kwa saa, ndizo zile dakika 17. Walitaka vitatu. Vyumba vitatu kwa saa ni dakika 20.

Dakika tatu! Asiyetandika vitanda anaweza kudhani ni dai la watu wadogo. Kwa siku ya saa 6 ni tofauti ya vyumba 21 na 18. Ni magodoro ya vyumba vitatu ambayo goti haliyainui, vyoo vitatu usivyovipigia magoti, kila siku, mpaka unastaafu. Walidai pia posho ya chakula, mashine ya kurekodi saa za kuingia na kutoka, na kwamba wenzao walioandikiwa na daktari wapunguziwe kazi, wasihamishwe kwa sababu ya ugonjwa walioupatia hapohapo kazini. Na walitaka waajiriwe na hoteli yenyewe.

Nilikwenda Jumamosi moja ya baridi. Niliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa wakipiga ngoma na kucheza njiani mbele ya mlango, na vipande vya karatasi vimetapakaa chini, wanawake wanaolipwa kufuta uchafu wakiuchafua mlango wa hoteli mchana kweupe, kwa makusudi, wageni wakipita na mabegi yao ya magurudumu. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Miaka yote ile ya kutembea kinyumenyume na mashine ya vumbi ili nisiache hata alama ya kiatu, na hawa wameacha alama ya kuonekana na jiji zima. Nilitumbukiza nilichokuwa nacho kwenye sanduku la mchango.

Sanduku lile lilikuwa na uzito wake. Mgomaji Ufaransa halipwi mshahara. Chama kidogo cha hoteli cha CGT kilichosimama nao kilijua kwamba mgomo wa namna hii hufia jikoni, siku mtoto anapokosa chakula. Kwa hiyo kazi yao kubwa, mbali na wanasheria na hotuba, ilikuwa kuchangisha: mtandaoni, kwenye maandamano, mbele ya hoteli nyingine za kundi lilelile. Fedha hiyo iligawanywa kwa wagomaji ili waweze kurudi tena kesho. Kwetu pwani msiba haumwachii mfiwa gharama zake, watu huchanga. Nilipoona daftari la michango pale mezani nilijisikia nyumbani kuliko nilivyotarajia.

Machi 2020 Uviko ukaifunga hoteli. Mgomo wa mlangoni unahitaji mlango ulio wazi, na wengi tulidhani yamekwisha. Hayakwisha. Mei 2021, miezi 22 tangu waanze, makubaliano yalisainiwa. Vyumba vitatu kwa saa badala ya vitatu na nusu. Posho ya chakula ya euro 7.30 kwa siku. Mashine ya kurekodi saa. Mshahara ulipanda, kwa baadhi yao mamia ya euro kwa mwezi. Mwaka uliofuata, Juni 2022, mmoja wa viongozi wao, Rachel Keke, mzaliwa wa Côte d'Ivoire, aligombea ubunge Val-de-Marne akamshinda aliyekuwa waziri wa michezo. Alikuwa mtandika vitanda wa kwanza kuingia Bunge la Ufaransa, na alikaa humo hadi uchaguzi wa 2024.

Ila dai moja halikupatikana. Hoteli haikuwaajiri. Walirudi kazini chini ya mkandarasi. Sisemi hivi kupunguza ushindi wao, maana nilipolisoma lile karatasi la makubaliano nililia. Nasema kwa sababu swali la mama wa Bukavu, bosi yako ni nani, liliachwa palepale lilipokuwa.

Upande wa Italia kuna mahali ambapo swali hilo lilijibiwa kwa sheria, na nadhani inafaa kutazamwa. Kiangazi cha 2011, mwaka uleule niliofika Ulaya, wachuma nyanya wa Kiafrika huko Nardò, mkoa wa Puglia, waligoma. Aliyejitokeza kuwa msemaji wao alikuwa Yvan Sagnet, kijana wa Kameruni aliyekuwa akisoma uhandisi Turin na kwenda shambani kutafuta hela ya masomo. Walilipwa kwa kasha, kasha kubwa la kilo kama 300 kwa euro 3 na senti kadhaa, na kati yao na mwenye shamba alisimama mtu wanayemwita caporale. Sisi jina lake tunalo tangu enzi za mkonge: nyapara. Nyapara aliwatafutia kazi, akawapeleka kwa gari lake na kuwatoza nauli, akawauzia maji na mkate, kisha akakata chake kwenye kila kasha. Sisi tulihesabiwa vyumba, wao makasha.

Chama cha wafanyakazi wa mashamba cha CGIL, shirikisho la vyama la Italia, kilikuwa upande wao, na mwaka huohuo Italia ikaufanya unyapara kuwa kosa la jinai. Nyapara akakamatika, lakini mwenye shamba akabaki na mikono misafi. Ndipo sheria namba 199 ya mwaka 2016 ikavuka hatua hiyo: anayeajiri kwa unyonyaji anashitakiwa pia, awe amepitia kwa nyapara au la. Aliyefaidi ametajwa kwenye sheria kwa mara ya kwanza. Hata hivyo Juni 2024, katika mashamba ya Latina kusini mwa Roma, mashine ilimkata mkono Satnam Singh, kibarua kutoka India asiye na makaratasi. Hakupelekwa hospitali. Aliachwa mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi, mkono wake umewekwa kwenye kreti ya matunda, na alifariki siku mbili baadaye. Sheria ya 2016 ilikuwapo, neno kwa neno. Siku ile pale shambani hakukuwa na mtu wa kuishika.

Ufaransa ni hivyohivyo. Karibu kila mfanyakazi wa kampuni binafsi analindwa na mkataba fulani wa hali bora, hata kama hajui upo. Wanachama wa vyama ni kama mmoja kati ya kumi. Karatasi zipo kabatini, wa kuzisoma ndio wachache.

Asiye na makaratasi, kwa mfano. Wengi hawajui, na wanaojua hawasemi, kwamba sheria ya kazi ya Ufaransa inamhesabu kama mfanyakazi mwingine yeyote kwa mshahara, saa na usalama, na akifukuzwa kwa kukosa kibali ana haki ya malipo yasiyopungua mshahara wa miezi 3. Wengi wao hufanya kazi kwa jina la mtu mwingine: binamu, jirani, mtu wa kukodisha kadi. Kodi wanalipa, michango ya pensheni wanakatwa, yote kwa jina ambalo si lao. Tarehe 15 Aprili 2008, mamia ya watu kama hao, wapishi, wajenzi, wasafishaji, waligoma kwa pamoja katika Paris na vitongoji vyake, CGT ikiwa nyuma yao. Mtu aliyeishi miaka kumi akikwepa polisi alisimama mbele ya kamera kusema ninafanya kazi hapa. Oktoba 2009 wakagoma tena, na safari hiyo walipita 6,000. Waraka wa serikali wa Novemba 2012 ukaja kuweka vigezo vya kupewa kibali kwa njia ya kazi, na slipu za mshahara zikawa ndani yake kama ushahidi. Januari 2025 waraka mwingine umeufuta na kukaza masharti, miaka 7 ya kuishi nchini badala ya 5. Tunaohudumia watu tunaiona tofauti hiyo kila wiki.

Siku hizi kazi yangu ni nyingine, lakini Alhamisi jioni nakaa kwenye ile meza yenye chupa ya kahawa. Mama wa Kimali amestaafu. Watu wanakuja na mifuko ya plastiki iliyojaa slipu. Tunazipanga kwa miezi, tunatafuta mwezi uliopotea, tunahesabu saa. Kwa aliyefanya kazi kwa jina la mtu, tunamwomba mwajiri asaini hati inayothibitisha kwamba majina yale mawili ni mtu mmoja. Wapo wanaosaini siku hiyohiyo. Wapo wanaokana hata kumjua mtu aliyewapikia miaka sita, na kwa hao inabidi twende watu wengi.

Alhamisi iliyopita alikuja kijana wa Bujumbura. Alisikia kuna mama hapa anaongea Kiswahili. Anasafisha ofisi usiku, majengo matatu, na mfuko wake ulikuwa na slipu zenye majina mawili na kampuni tatu. Alianza kuomba radhi kwa Kifaransa kwamba karatasi zimechanganyika. Nikamwambia keti, mwanangu, uongee unavyoongea nyumbani. Nikammiminia kahawa, nikamuuliza bosi wake ni nani. Alifungua mdomo, akafikiri, akaufunga.

Nikachukua daftari jipya. "Tuanze na mwezi wa kwanza uliofanya kazi," nikamwambia. "Uliingia saa ngapi?"